Katuni ya Kwanza ni Ipi? Madai Yanayorudiwa na Historia Yenyewe

Madai kuhusu katuni iliyotangulia nyingine hutolewa kwa uhakika mkubwa, na mengi yake yana makosa. Husemwa kwamba Mickey Mouse ndiye aliyeleta sauti kwenye katuni, kwamba Snow White ndiyo katuni ndefu ya kwanza duniani, kwamba Tinga Tinga Tales ndiyo katuni ya kwanza ya Kiafrika, na kwamba hakuna aliyechora katuni za siasa katika magazeti ya Kenya kabla ya Gado. Chanzo cha makosa haya kinaeleweka. Ile ambayo mtu aliiona mwanzo huishia kuhesabiwa kuwa ndiyo iliyotengenezwa mwanzo, na ile iliyotangazwa kwa pesa nyingi huifunika ile iliyotoka kimyakimya.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962, lakini ilianzia Nairobi, na kwa miaka mingi matangazo yake hayakufika mbali na miji mikubwa. Eneo la kaskazini lenyewe lilikuwa limefungwa. Chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni, kuingia na kutoka kulihitaji kibali, na hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991. Kwa miji kama Modogashe, mpakani mwa Garissa na Isiolo kwenye njia ya kwenda Wajir, filamu hazikuja kwa mpangilio wa miaka zilipotengenezwa. Zilikuja kama zilivyobahatika kufika: kwa kanda za video zilizoendeshwa kwa jenereta, baadaye kwa madishi ya setilaiti, na hatimaye kwa simu ya mkononi. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Garissa, shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku, nje, kwenye skrini kubwa. Kwa njia kama hizo katuni ya mwaka 1940 na ya mwaka 2010 zingeweza kumfikia mtoto katika juma moja, naye asiwe na sababu ya kujua ipi ni nyanya wa mwenzake.

Kutangulia na kukumbukwa ni mambo mawili, na Modogashe yenyewe inalijua hilo. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililoweka taratibu za amani baina ya jamii za wafugaji wa kaskazini, ndilo linalotajwa sana, ilhali Azimio la Al-Fatah lilikuwa limekwisha kupatikana Wajir mwaka 1993. Katika historia ya katuni hali ni hiyohiyo, ila umbali kati ya aliyetangulia na anayekumbukwa ni mkubwa zaidi.

Tom and Jerry ni mfano wa kuanzia, kwa kuwa ni katuni inayoeleweka bila kujua Kiingereza na hivyo imepita kila mpaka wa lugha. Wengi hudhani kwamba paka na panya hao walikuwa na majina hayo tangu siku ya kwanza. Katika filamu yao ya kwanza, iliyotoka Februari 1940, paka anaitwa Jasper na panya hatajwi jina. Majina ya Tom na Jerry yalikuja baada ya filamu hiyo kupendwa na studio kuamua kuendelea nayo.

Kuhusu mwanzo wa michoro inayosogea, jina linalotajwa mara nyingi ni la Winsor McCay na dinosaria wake Gertie wa mwaka 1914. McCay mwenyewe alikuwa ametoa filamu nyingine ya michoro mwaka 1911, na mbele yake walikuwapo wengine. Émile Cohl wa Ufaransa alionyesha Fantasmagorie mwaka 1908, filamu isiyofika dakika mbili iliyotokana na michoro ipatayo 700. J. Stuart Blackton wa Marekani alichora nyuso kwa chaki ubaoni mwaka 1906 na kuzifanya zikonyeze macho. Aliyewatangulia wote hao ni Émile Reynaud, aliyefungua maonyesho yake katika jumba la Musée Grévin jijini Paris tarehe 28 Oktoba 1892, miaka 3 kabla ya ndugu Lumière kuonyesha filamu zao kwa umma. Onyesho lake la Pauvre Pierrot lilikuwa na picha 500 zilizopakwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwenye ukanda mrefu. Reynaud aliuzungusha ukanda huo kwa mikono, mbele na nyuma, akirefusha kisa hadi kikafika takriban robo saa. Hakutumia kamera, na ndiyo sababu baadhi ya vitabu humwacha nje. Kumwacha nje ni kosa, kwa kuwa watu walilipa, wakaketi gizani, wakatazama michoro ikitembea.

Steamboat Willie, iliyoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, imebeba uongo wa aina tatu. Si filamu ya kwanza ya Mickey kutengenezwa, kwa sababu Plane Crazy ilijaribiwa mbele ya watazamaji Mei mwaka huo ikiwa bado haina sauti. Si katuni ya kwanza yenye sauti, kwa sababu Max na Dave Fleischer walikuwa wakitoa katuni za nyimbo tangu 1924, zenye kijimpira kinachorukaruka juu ya maneno ili ukumbi mzima uimbe pamoja. Paul Terry naye alikuwa ametoa Dinner Time miezi michache kabla ya Disney. Tena Mickey hazungumzi ndani yake. Anapiga mluzi, anacheka na kuguna, lakini maneno yake ya kwanza yalisikika katika The Karnival Kid ya mwaka 1929. Sifa halisi ya Steamboat Willie ni namna sauti ilivyofungamanishwa na mwendo. Kiongozi wa bendi alitazama alama iliyopanda na kushuka kwenye filamu ili kila pigo la ngoma liangukie mahali pake. Ufundi huo ndio uliowashangaza watazamaji, na unastahili kusifiwa kwa jina lake badala ya kupewa sifa ya wengine.

Snow White ya Desemba 1937 nayo huitwa katuni ndefu ya kwanza, wakati Quirino Cristiani wa Ajentina alikuwa ameonyesha El Apóstol mwaka 1917, miaka 20 kabla yake. Ilikuwa filamu ya zaidi ya saa moja iliyomkejeli Rais Hipólito Yrigoyen. Nakala zake ziliteketea kwa moto mwaka 1926, na pengine hilo ndilo lililomnyima Cristiani nafasi yake kuliko jambo lolote. Mwaka 1931 alitoa Peludópolis, katuni ndefu yenye sauti, na hiyo pia imepotea.

Mwaka huohuo wa 1926 Lotte Reiniger alionyesha nchini Ujerumani Die Abenteuer des Prinzen Achmed, visa vya Mwanamfalme Ahmed vilivyochotwa katika Alfu Lela U Lela. Filamu hii ingali hai, na ndiyo katuni ndefu ya zamani kuliko zote zilizobaki. Reiniger alikata watu, farasi na majini kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu nyeusi na bati jembamba la risasi, akaunganisha viungo vyao kwa waya, kisha akavilaza juu ya kioo kilichomulikwa taa kutoka chini. Kila mkono ulisogezwa kidogo, picha ikapigwa, ukasogezwa tena. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka mitatu. Mtazamaji yeyote wa pwani au wa Garissa aliyekulia kwenye visa vya Alfu Lela ataitambua hadithi yake mara moja, na inasikitisha kwamba filamu hii haijulikani zaidi katika nchi hizi. Kilicho cha kweli kuhusu Snow White ni kwamba ilikuwa katuni ndefu ya kwanza ya Disney na ya kwanza kutoka Hollywood. Hayo peke yake ni makubwa.

Madai ya televisheni yanaweza kupitwa haraka. The Simpsons ya 1989 haikuwa katuni ya kwanza ya familia kuonyeshwa usiku wakati watu wazima wanatazama, kwa kuwa The Flintstones ilianza Septemba 1960. The Flintstones nayo haikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya televisheni. Crusader Rabbit iliitangulia kwa miaka kama 10. Yako pia madai yanayosimama imara. Toy Story ya 1995 inatambuliwa kuwa filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta.

Kosa linaloumiza zaidi kwa msomaji wa Kiafrika ni lile linalosema bara hili lilianza katuni juzi. Harold Shaw alitengeneza The Artist's Dream nchini Afrika Kusini mwaka 1916. Jijini Kairo, ndugu wa familia ya Frenkel, Wayahudi waliohamia Misri, walianza mwaka 1936 kuonyesha visa vya Mish Mish Effendi, kijana mwenye tarbushi, na watazamaji wa Kairo wakampenda kama mtoto wa mtaani kwao. Katika Kongo ya Wabelgiji, miaka ya 1950, padri wa Shirika la Scheut aitwaye Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, paa mjanja wa hadithi za huko. Hao walikuwa wageni au watoto wa wageni. Mwafrika mweusi anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Moustapha Alassane wa Niger. La mort de Gandji ya mwaka 1965 ilipata tuzo katika tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Dakar mwaka 1966, na mwaka huohuo akatoa Bon voyage, Sim, safari ya rais wa nchi ya vyura. Alassane aliendelea kufanya kazi kwa miongo mingi hadi kifo chake mwaka 2015. Katika Kongo huru, Jean-Michel Kibushi alianzisha studio ya Malembe Maa na mwaka 1991 akatoa filamu kuhusu chura aliyekwenda kuwatembelea wakwe.

Ilhali kazi hizo hazikuonekana na wengi, filamu mbili za wageni zilijaza nafasi. Kirikou et la sorcière ya 1998 huorodheshwa na watu wengi kama katuni ya Kiafrika. Mandhari ni ya Afrika Magharibi na muziki ni wa Youssou N'Dour, lakini mwongozaji, Michel Ocelot, ni Mfaransa aliyekulia Guinea kwa sehemu ya utoto wake, na filamu ilitengenezwa na studio za Ulaya. The Lion King ya 1994 ilichukua majina Simba na Rafiki kutoka Kiswahili, na watengenezaji wake walitembelea Hell's Gate karibu na Naivasha walipokuwa wakiitayarisha. Wapo wanaoamini kwamba filamu hiyo ndiyo iliyoupeleka usemi wa "hakuna matata" duniani mara ya kwanza. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameuimba katika Jambo Bwana mwaka 1982, na watalii walikwisha kuubeba makwao kabla ya filamu hiyo, iliyokuja miaka 12 baada ya wimbo. Simba mtoto anayerithi ufalme wa baba yake naye alikuwapo tayari katika michoro ya Osamu Tezuka wa Japani tangu 1950, na kwenye televisheni tangu 1965, katika mfululizo unaojulikana kwa Kiingereza kwa jina la Kimba. Mjadala kama Disney ilimwiga Tezuka haujakwisha, lakini nani alitangulia si jambo la kubishaniwa.

Kwa upande wa katuni ndefu za Afrika kusini mwa Sahara, wengi hutaja Zambezia ya studio ya Triggerfish, iliyotoka 2012. Zimbabwe ilikuwa imetangulia mwaka 2003 kwa The Legend of the Sky Kingdom, ambayo wahusika wake waliundwa kwa takataka: makopo, vijiko, vipande vya mashine, vikasogezwa hatua kwa hatua mbele ya kamera. Fundi yeyote wa jua kali angeutambua ufundi huo.

Katuni za magazeti ndizo katuni za kwanza za Afrika Mashariki kwa maana halisi, na huko pia majina yamechanganywa. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyezaliwa miaka ya 1950 na kuishi kwa miongo mingi katika kurasa za Taifa Leo, hutajwa kuwa mhusika wa kwanza wa katuni za mfululizo za Kiswahili. Mrefu wa W. S. Agutu alikuwa amewachekesha wasomaji wa gazeti la Tazama kabla yake, mwanzoni mwa miaka hiyohiyo. Kalulu hahitaji sifa ya kutangulia. Sifa yake ni kudumu: vizazi vitatu vya wasomaji vimemjua, wakiwamo waliojifunzia Kiswahili cha kusoma kwenye maneno machache yaliyo juu ya kichwa chake. Kwa upande wa Tanzania, Chakubanga wa Christian Gregory aliingia katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, na katika miaka ya 1980 jarida la Sani likawapa wasomaji wahusika wa Philip Ndunguru, akina Ndumilakuwili na Lodilofa, ambao Watanzania wa umri fulani huwataja kama majirani wa zamani.

Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, alijiunga na gazeti la Nation mwaka 1992. Ukali wa kalamu yake umewafanya vijana wadhani kwamba ndiye aliyefungua njia. Njia ilikuwa imefunguliwa na Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya, aliyeanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, kisha akafuata Paul Kelemba, anayejulikana kama Maddo. Dhana nyingine ni kwamba katuni za magazeti ya Kenya zilichorwa na Wakenya wenyewe tangu mwanzo. Gado ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Frank Odoi, baba wa Golgoti na Akokhan, alikuwa Mghana. James Tumusiime, aliyechora Bogi Benda, ni Mganda. Nairobi ilikuwa baraza walikokutana mafundi wa nchi nyingi, na hilo ni la kujivunia kuliko utangulizi wowote. Kwa wasomaji wa Kisomali wa Garissa, Modogashe na Wajir, jina lenye uzito wa pekee ni la Amin Amir, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Kanada, ambaye katuni zake za siasa husambaa kwenye mtandao. Jarida la Shujaaz, lililoanza kugawiwa bure mwaka 2010 na kupata tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2012, limesifiwa kwa kuleta hadithi za picha kwa vijana wa Kenya. Lakini vitabu vya Pichadithi, vyenye visa kama cha Lwanda Magere, vilikuwa madukani tangu miaka ya 1980.

Kwenye televisheni, Tinga Tinga Tales ndiyo iliyozungukwa na makosa mengi zaidi. Kwa sababu ya jina lake, wengi huihesabu kuwa kazi ya Tanzania. Mtindo wa kuchora ni wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Katuni yenyewe ilitengenezwa Nairobi na kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect, pamoja na studio ya Homeboyz, na muziki wake ukaongozwa na Eric Wainaina. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Si katuni ya kwanza ya Afrika, kama ilivyoelezwa hapo juu, wala Nairobi haikuanza uhuishaji siku hiyo. UNESCO ilikuwa imewafunza wachoraji wa kanda hii katika mradi wa Africa Animated! katikati ya miaka ya 2000. Kilichokuwa kipya ni ukubwa wa kazi. Vipindi 52 viliwapa vijana wengi wa Nairobi ajira ya kila siku, na baadhi yao wakaenda kufungua studio zao. Mwaka 2011 Kwame Nyong'o alitoa The Legend of Ngong Hills, kisa cha Kimaasai, kikiwa filamu fupi ya msanii mwenyewe bila kampuni ya nje kuamua hadithi.

XYZ Show, iliyoanza Citizen TV mwaka 2009, huingizwa katika orodha hizi kimakosa. Haikuwa katuni ya kuchorwa bali vikaragosi vya mpira vilivyoendeshwa kwa mikono, kwa mfano wa Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols ya Ufaransa. Ubongo Kids, iliyoanza TBC1 Januari 2014, ndiyo inayostahili kutajwa Tanzania, kwa kuwa ilifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kilichotungwa Dar es Salaam, si kwa sauti iliyopachikwa juu ya kazi ya Kiingereza. Mtoto wa Modogashe anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu hupata humo mazungumzo ya kawaida ya watoto wenzake, jambo ambalo vitabu vya shule hulifikia kwa shida.

Madai mapya yanaendelea kutolewa. Super Sema, ya studio ya Kukua jijini Nairobi, iliyomshirikisha Lupita Nyong'o kama mzalishaji mkuu, ilianza YouTube Machi 2021 ikitangazwa kuwa ya kwanza ya shujaa mtoto wa Kiafrika. Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia ilitangazwa mwaka 2019 na kuonyeshwa Julai 2023, ikiitwa ya kwanza. Ilikuwa ya kwanza kuagizwa na Netflix kutoka Afrika, na sharti hilo la Netflix likiondolewa dai linaanguka. Mwezi huohuo Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi 10 kutoka nchi sita za Afrika, ukiwa na jina la Kiswahili. Ndani yake mna Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya, ambaye Yellow Fever yake ilikuwa imezunguka matamasha tangu 2012, na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, kuhusu wafugaji wa siku zijazo wanaolinda mifugo yao dhidi ya viumbe vya usiku. Studio ya Malinga, Creatures Animation ya Kampala, ilikuwa imetoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, bila Disney.